"Je, mimi ni mvivu?" Jibu kwa afisa mikopo anayeamka saa 9 usiku

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 31, ni afisa mikopo kwenye kampuni moja ya mikopo midogo hapa Dar es Salaam. Naingia saa 1:30 asubuhi kwa ajili ya kikao, natoka saa 2 usiku tukishafunga mahesabu ya marejesho. Mchana nakula juu ya bodaboda au sili kabisa. Jumamosi ni saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Usiku meneja anatuma kwenye grupu la WhatsApp orodha ya maafisa wote, wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho lazima ajieleze hapohapo hata ikiwa saa 5. Mteja asipolipa tunakatwa mshahara. Kichwa kinaniuma kila siku, namezea diklofenaki. Saa 9 usiku nashtuka moyo unaenda mbio. Wiki iliyopita duka la dawa walinipima presha wakakuta 152 kwa 96. Kinachonitisha zaidi ni hiki: mwezi uliopita tulimbebea mama mmoja godoro na TV mbele ya watoto wake, na sikusikia chochote moyoni. Zamani ningelia. Meneja anasema kizazi chetu ni cha walegevu, mume wangu anasema nivumilie hadi tumalize kulipia kiwanja. Je, mimi ni mvivu? Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Mvivu haamki saa 9 usiku moyo ukimwenda mbio kwa ajili ya marejesho ya watu wengine, kwa hiyo hilo tuliweke pembeni kabisa.

Mimi ni daktari wa afya kazini. Fundi wa kiwanda cha saruji akija anakohoa, simuulizi kama ana moyo wa kazi. Namuuliza vumbi ni kiasi gani, analivuta saa ngapi kwa siku, na kwa miaka mingapi. Saa za kazi nazo nazichukulia hivyohivyo. Zina kipimo, zikipita kipimo zinaumiza, na humuumiza mchapakazi kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu yeye ndiye anayezikubali bila kubisha. Ukiniuliza kama wewe ni dhaifu, sina cha kupima. Ukiniambia unaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, hapo nina pa kuanzia.

Tuhesabu basi. Kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 12 na nusu, na kwa kuwa mapumziko ya mchana huyapati, sipunguzi kitu. Mara siku tano ni saa 62 na nusu. Ongeza saa 7 za Jumamosi: 69 na nusu kwa wiki. Foleni ya kurudi nyumbani sijaihesabu, wala zile dakika za kujieleza kwenye grupu ukiwa umeshapanda kitandani.

Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya pamoja: mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, mtu wa saa 55 ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Wewe 55 umeshaipita kwa saa 14 na nusu. Sikuambii haya ili usilale zaidi. Wengi wa waliokufa walikuwa na miaka 60 na kuendelea, na walizifanya saa hizo wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 74. Gharama hii huja kwa kuchelewa, na ndiyo maana meneja wako anaweza kukuapia kwamba hajawahi kuona mtu aliyekufa kwa kazi. Atakayekufa atakuwa alishastaafu, na msibani watu watasema ilikuwa presha.

Wajapani walianza kuhesabu mapema kuliko wengi wetu. Kifo cha namna hii wanakiita karoshi, na maafisa wao wa kazi wana mstari wanaoutumia kuamua madai ya familia: saa za ziada zaidi ya 100 katika mwezi mmoja kabla ya ugonjwa, au wastani wa zaidi ya 80 kwa mwezi katika miezi miwili hadi sita. Wao huhesabu ziada kuanzia saa 40 za wiki. Kwa hesabu hiyo wewe una saa 29 na nusu za ziada kila wiki, yaani 118 katika wiki nne. Ungekuwa Tokyo, ofisi ya kazi ingekukuta umeshavuka mstari wowote kati ya hiyo miwili.

Siku ya Krismasi mwaka 2015, Matsuri Takahashi, mfanyakazi wa miaka 24 wa kampuni ya matangazo ya Dentsu, alijitoa uhai. Alikuwa na miezi michache tu kazini. Maafisa wa kazi waliochunguza walikuta mwezi mmoja wenye zaidi ya saa 100 za ziada, na 2016 wakakubali kwamba kifo chake kilitokana na kazi. Kabla ya hapo alikuwa akiandika mtandaoni juu ya kukosa usingizi na juu ya maneno ya wakubwa wake. Mwaka 2017 mahakama ikaitoza kampuni faini ya yeni 500,000, fedha ambayo kwa kampuni kubwa namna ile ni nauli tu. Na kampuni hiyohiyo ilishapelekwa hadi Mahakama ya Juu ya Japani kwa kijana mwingine aliyejiua mwaka 1991. Hukumu ya mwaka 2000 ilisema mwajiri ana wajibu wa kuangalia kazi isirundikane hadi ikaharibu afya ya mwili na akili ya mfanyakazi. Miaka 15 baada ya hukumu hiyo, bado yakatokea ya Matsuri. Ukiwasikia watu wanasema sheria peke yake haitoshi, wana mfano.

Sasa turudi mwilini mwako. Presha ya mtu mwenye afya hushuka usiku akilala, kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20, na ndipo moyo na mishipa hupumua. Wewe saa 5 usiku unasoma orodha ukitafuta jina lako liko namba ngapi. Mwili hauwezi kutofautisha kati ya orodha hiyo na mwizi dirishani: unamwaga homoni zilezile, mapigo yanapanda, mishipa inabana. Unalala ukiwa bado umebana, na saa 9 unashtuka. Ukifanya hivyo mwezi mzima, ile nafasi ya usiku ya kushuka inapotea, na presha ya mchana inaanza kupanda nayo.

Kisha kuna diklofenaki. Hapa ningekuwa nawe uso kwa uso ningekusemesha kwa ukali kidogo. Dawa za kundi hilo hupandisha presha, hulemea figo, na ukizimeza tumbo tupu kama unavyofanya, huchubua tumbo. Kwa hiyo unaumwa kichwa, unameza kitu kinachoweza kuwa kinaipandisha presha, kesho unaamka na kichwa tena. Acha. Kichwa kikikusumbua tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na usiigeuze kuwa mazoea ya kila siku. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa vituo vya bodaboda hukuvitaja, ila nina wasiwasi vimo. Kama vimo, navyo viondoke. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari atakayekuona, maana vile vyenye estrojeni hupandisha presha kwa baadhi ya wanawake, na njia nyingine zipo.

Kipimo kimoja cha duka la dawa hakitoshi kusema una ugonjwa wa presha, hasa kama uliingia pale unakimbia. Nenda kituo cha afya, kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, wapime. Rudia siku nyingine. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi inajirudia siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa, na kwa umri wako waombe wakuangalie pia figo, sukari na mkojo kabla hatujaisingizia kazi kila kitu. Ikifika 180 kwa 110, usingoje siku nyingine. Na uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, ulimi ukawa mzito, au kifua kikabana, ni hospitali saa hiyohiyo, kikao cha asubuhi kikusubiri.

Nimechelewa kufika kwenye godoro kwa sababu ndilo jambo zito kuliko yote uliyoandika, na nimeona hata wewe umelifikia mwishoni.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika upya maelezo ya hali ya kuchakazwa na kazi. Hawakuiita ugonjwa. Walisema ni jambo linalotokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kudhibitiwa, na wakalitajia dalili tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya tatu ni kuhisi kwamba hufanyi lolote la maana kazini. Ya pili ndiyo ya godoro: mtu anajitenga na kazi yake moyoni, anaanza kuwaona wateja kama namba, hawamuumi tena. Akili yako imezima sehemu fulani ili uweze kurudi ofisini kesho. Hujageuka katili. Mtu katili haandiki barua kuuliza kwa nini hakulia.

Lakini yule mama naye tusimruke. Mtaani mikopo ya aina hii wanaiita kausha damu, na wanadhani inamkausha mkopaji tu. Shinikizo linaanzia kwa mwenye mtaji, linashuka kwa meneja wa kanda, kwa meneja wako, kwako, na linatua kwa mama mwenye genge la nyanya aliyeuguliwa na mtoto wiki ile. Afisa aliyepata usingizi wa saa nne tu, ambaye mteja huyu akikwama atakatwa yeye mshahara, hana nafasi ya kukaa chini na kupanga upya marejesho. Anabeba godoro. Hata kwa hesabu ya kibiashara sioni faida iko wapi, kwa sababu mama yule hatakopa tena hapo, wala jirani zake waliokuwa wanachungulia.

Orodha ya usiku nayo isikupite kama tabia mbaya ya mtu mmoja. Ni mbinu ya uongozi, na dunia imeshaona inafika wapi. Ufaransa, kampuni ya simu ya France Télécom ilitaka watu 22,000 waondoke bila kuwafukuza, na mwaka 2006 mkuu wake, Didier Lombard, aliwaambia wakubwa wenzake kwamba wataondoka kwa njia moja au nyingine, kwa dirishani au kwa mlangoni. Watu wakahamishwahamishwa, wakabanwa, wakadhalilishwa. Mahakama ya Paris ilichambua mambo yaliyowapata wafanyakazi 39, na 19 kati yao walikuwa wamejiua. Desemba 2019 Lombard na wenzake walitiwa hatiani kwa unyanyasaji ulioendeshwa na taasisi yenyewe, kama sera, hata kwa wafanyakazi ambao hawakuwahi kukutana nao. Hapo ndipo kesi ile ilipokuwa mpya: mahakama haikuhitaji kuambiwa kwamba bosi fulani alimfokea mtu fulani siku fulani.

Kwetu sheria haijafika huko, ila si kwamba huna kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi sita. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ukijumlisha za kawaida na za ziada, siku haizidi saa 12. Baada ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya saa moja. Kati ya kutoka na kuingia tena, saa 12 za kupumzika, na zinaweza kupunguzwa hadi 8 kwa masharti maalumu ya maandishi tu. Zako, pima mwenyewe: siku yako ni saa 12 na nusu, saa za ziada ni 98 katika wiki nne, na kutoka saa 2 usiku hadi saa 1:30 asubuhi ni saa 11 na nusu, hata kabla simu haijalia.

Najua watakachokujibu: "Wewe ni afisa, maafisa hawana ovataimu." Nimelisikia hili mpaka nimelichoka. Sheria inawaondoa kwenye mipaka hii wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wewe unasimamia wateja. Cheo kilichoandikwa kwenye kitambulisho hakibadilishi kitu.

Kukatwa mshahara kwa deni la mteja ni hoja yako nzuri kuliko zote. Mwajiri anaweza kukukata kwa hasara ikiwa tu kuna makubaliano ya maandishi, hasara imetokana na kosa lako, amekueleza kwa maandishi chanzo na kiasi, amekupa nafasi ya kupinga, na makato hayazidi robo ya mshahara wako. Mteja kuuguliwa si kosa lako. Kutafuta mtu wa kukatwa kwa kila deni bovu ni kumgeuza mwajiriwa kuwa mdhamini.

Sasa vitendo. Wiki hii nunua daftari dogo, lisiwe la ofisi. Kila siku andika saa ya kuingia, ya kutoka, kama ulikula, na ujumbe wa mwisho wa kazi ulikuja saa ngapi. Piga picha ya skrini ile orodha ya usiku na uihifadhi nje ya simu ya kazi. Hifadhi hati za mshahara zenye makato. Usimwambie mtu ofisini kwamba unafanya hivyo.

Wiki ya pili, ukiwa na vipimo vya kliniki, omba kuonana na meneja peke yake. Usiende na neno "nimechoka". Wote wamechoka, na yeye pia, huenda ana orodha yake anayotumiwa na mkubwa wake usiku uleule. Mpelekee namba: wateja wangapi unao, saa ngapi kwa wiki, presha ngapi. Kisha omba jambo moja linalotekelezeka. Kwa mfano, mahesabu yafungwe saa 11 jioni na malipo yanayoingia baadaye yahesabiwe kesho. Orodha itumwe asubuhi. Ukiomba mambo sita kwa mpigo utapewa semina ya motisha. Mkimaliza, mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru na kutaja mlichozungumza, ili kiwe na tarehe.

Likizo yako ya siku 28 kwa mwaka, iombe kwa barua sasa. Daktari akiona unahitaji kupumzika, sheria inakupa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari. Kuitumia si utoro. Na kama katika usiku wa saa 9 kumewahi kupita wazo la kwamba heri usiwepo, mwambie daktari hivyohivyo bila kuzungusha. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, na hilo halisubiri daftari wala likizo.

Mkiwa wengi ofisini mnaoteseka, uliza TUICO, chama kinachowahusu pia wafanyakazi wa taasisi za fedha. Malalamiko ya mtu mmoja hujibiwa kwa uhamisho, ya watu kumi hujibiwa kwa kikao. Mwajiri akikataa kabisa, mlango unaofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya kawaida yanapelekwa ndani ya siku 60, ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na siku hizi zinapita haraka kuliko unavyodhani.

Ukifikia kuondoka, ondoka kwa mpangilio. Kwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28. Na tafadhali usiandike "naacha kazi kwa sababu binafsi". Sheria yetu inatambua kwamba mwajiri akifanya mazingira yasivumilike, kuacha kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa kuachishwa, lakini utalithibitishaje hilo wakati barua yako mwenyewe inasema sababu ni binafsi? Taja sababu za kweli, kwa adabu, pamoja na tarehe ulizolalamika.

Kuhusu mume wako, simuoni kama adui. Anahesabu kiwanja kwa sababu kiwanja kina namba na afya yako haijawahi kupewa namba. Mpe: saa 69 na nusu, 152 kwa 96. Muuzaji wa kiwanja anaweza kukubali kuongeza miezi mkimfuata kabla hamjachelewesha malipo. Kisha mwombe akusindikize kliniki, na mkiwa pale naye apimwe. Katika wale 745,000 niliowataja, 72 kati ya kila 100 walikuwa wanaume, na wanaume ninaowaona mimi wengi hujua presha zao siku wanapolazwa.